Minyoo inayotafuna mizizi ya milozi na mijozi

Mkulima wa California, Marekani, anapong'oa shamba kuukuu la milozi au mijozi na kupanda miche mipya mahali palepale, mara nyingi hukabiliwa na jambo la kutatanisha: miche hudumaa na majani hupauka, ingawa maji na mbolea havikukosekana. Aghalabu chanzo ni nematodi, minyoo ya udongoni isiyofikia urefu wa milimita moja. Hutoboa mizizi kwa mdomo ulio mfano wa sindano na kufyonza uhai wa seli.

Aina tatu za adui

Minyoo fundo (Meloidogyne) huingia mzizini, na jike hutulia humo. Mzizi huvimba vinundu, na maji hayapandi ipasavyo.

Pratylenchus vulnus, adui mkuu wa mijozi, hatulii. Hupenya akila na kusonga mbele, huku akiacha madonda meusi. Mti ukishang'olewa, huweza kuendelea kuishi katika mabaki ya mizizi kwa miaka kadhaa; ndiyo maana miche mipya hurithi maradhi.

Mesocriconema xenoplax hukaa nje ya mzizi, hasa katika udongo wa kichanga. Mlozi alioudhoofisha hushindwa kuwahimili bakteria wa Pseudomonas syringae, ambao huozesha gome na kuweza kuuua mti mchanga.

Dawa na gharama yake

Kwa miaka mingi wakulima walitegemea kemikali ya DBCP. Mwaka 1977 iligundulika kuwa wanaume waliokuwa wakiitengeneza katika kiwanda kimoja mjini Lathrop, California, walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Jimbo hilo liliisimamisha mwaka huohuo, lakini mabaki yake yangali yakipatikana katika visima vya Bonde la San Joaquin.

Bromidi ya methili nayo, kwa kuharibu tabaka la ozoni, iliondolewa katika nchi zilizoendelea mwaka 2005 chini ya Mkataba wa Montreal, isipokuwa kwa vibali maalumu.

Sasa tegemeo kubwa ni kupandikiza miti juu ya mashina yenye mizizi stahimilivu. Shina la Nemaguard huzuia minyoo fundo, lakini si aina nyingine mbili. Kwa mijozi, VX211 huvumilia mashambulizi. Kwa kuwa hakuna dawa ya kuiangamiza minyoo yote mti ukishaota, wataalamu huhimiza udongo upimwe kabla ya mche wa kwanza kupandwa.