Mita 25 za Maji: Kanieneo ya Kina katika Historia ya Kuzama kwa MV Bukoba, 1996

Maandishi mengi kuhusu MV Bukoba hujadili wingi wa abiria na uthabiti wa meli. Mjadala huo una haki yake, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo idadi ya waliokufa ni makadirio, ambayo baadhi yake hukaribia 900. Hata hivyo, yaliyotokea baada ya meli kupinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 yalitawaliwa na kanieneo ya maji, na upande huu umepewa nafasi ndogo mno.

Meli haikuzama papo hapo. Ilielea chini juu kwa saa kadhaa karibu na Mwanza, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili kuwatoa waliokuwa hai ndani. Hewa ikafoka kupitia tundu, maji yakapanda kutoka chini, na meli ikazama. Sababu yake ni nyepesi kueleza: hewa iliyonaswa hugandamizwa na maji yaliyo chini yake. Ikiwa uso wa maji ndani ya meli uko mita 3 chini ya uso wa ziwa, hewa hiyo huizidi ya nje kwa takriban theluthi moja. Tundu juu ya hewa ya namna hiyo ni mlango wa kutokea hewa kabla ya kuwa mlango wa kutokea watu. Kuwalaumu waliotoboa si haki. Walisikia watu wakigonga bati.

Kazi ya kuopoa miili ilifanywa katika kina cha takriban mita 25, na Afrika Kusini ilileta wapiga mbizi wa jeshi lake la maji. Hapa ziwa lina hila yake. Baharini, kanieneo ya juu ya maji huongezeka maradufu kila mpiga mbizi anapofika mita 10. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hivyo maradufu hiyo hufikiwa kwenye mita 9 hivi. Katika mita 25, mpiga mbizi wa ziwani hubeba karibu mara 3.8 ya kanieneo ya juu. Wa baharini, mara 3.5. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama viputo akipanda haraka. Majedwali ya kupanda kwa vituo, yaliyoasisiwa na J. S. Haldane na wenzake mwaka 1908, yalikusudiwa usawa wa bahari, na ziwani hayafai bila marekebisho.

Miili mingi ilizikwa Igoma, mbele ya Nyakato katika Barabara ya Musoma.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku mbili baadaye wapiga mbizi, wakiingia kwa kupitia majini, walimkuta fundi mitambo akiwa hai katika mfuko wa hewa ndani ya kivuko.