Udongo mweusi wa Iowa na Minnesota: mashamba yaliyotolewa majini

Kuanzia kusini mwa jimbo la Minnesota hadi Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, umelala ukanda wa ardhi tambarare ambao udongo wake unahesabiwa miongoni mwa udongo wenye rutuba kubwa zaidi duniani. Mahindi na soya hulimwa humo hadi macho yanapofikia. Msafiri apitaye mwezi wa Julai haoni dalili yoyote kwamba chini ya mistari hiyo ya mahindi, kina cha mita moja hivi, umetandazwa utando wa mabomba yanayonyonya maji usiku na mchana, wala kwamba pasipo mabomba hayo sehemu kubwa ya mashamba hayo ingerudi kuwa kinamasi.

Udongo unaozungumziwa zaidi katika ukanda huo umepewa na wataalamu wa Marekani jina la Webster. Ni udongo tifutifu wenye mfinyanzi mwingi, mweusi kwa takriban nusu mita kutoka juu, kisha unageuka ghafla kuwa wa kijivu. Rangi hizo mbili zina maelezo, na maelezo yenyewe yanaanzia kwenye barafu.

Katika awamu ya mwisho ya zama za barafu, ulimi mkubwa wa barafuto ulishuka kutoka upande wa Kanada, ukapita Minnesota na kuishia mahali ulipo leo mji wa Des Moines. Ulifika huko na kurudi nyuma kati ya takriban miaka 15,000 na 12,000 iliyopita, muda ambao katika umri wa dunia ni sawa na jana. Barafuto halichagui linachokizoa. Lilikwangua miamba ya chokaa na ya mfinyanzi mgumu, likaisaga, likachanganya unga wake na mchanga, kokoto na mawe makubwa, na lilipoyeyuka likakiacha kifusi hicho chote mahali pamoja bila kukipanga. Hadi leo wakulima wa eneo hilo huokota mawe shambani kila majira ya kuchipua, kwa kuwa baridi kali ya ardhini huyasukuma juu kidogo kidogo kila mwaka.

Kifusi hicho ndicho kilichozaa udongo huo, na ndicho kinachozuia maji. Tabaka la chini limeshikamana, maji hupenya humo polepole mno. Lakini sababu kubwa zaidi ni umri wa sura ya nchi yenyewe. Mahali ambapo mvua imenyesha kwa mamia ya maelfu ya miaka, vijito huwa vimekwisha kuchimba njia zao na kila bonde lina mlango wa kutokea maji. Katika ukanda huu mito haijapata muda wa kutosha. Ardhi imejaa vibonde vilivyofungwa pande zote, ambavyo hugeuka madimbwi theluji inapoyeyuka.

Juu ya ardhi hiyo iliyolowa yalistawi majani marefu ya prairi, mengine yakimpita mtu kimo. Mizizi yake iliteremka chini sana, na ilipokufa haikuoza ikaisha, kwa sababu udongo uliojaa maji hauna oksijeni ya kutosha kwa vijidudu vinavyoozesha. Mboji ikarundikana kwa maelfu ya miaka, na hapo ndipo ulipotoka weusi. Ule ukijivu wa chini una chanzo hichohicho: palipokosa oksijeni, bakteria waligeukia chuma kilichomo udongoni, na chuma kilichobadilishwa hivyo hupoteza wekundu wake na kuchukuliwa na maji. Mpima udongo akitoboa shimo na kukuta kijivu chenye madoa ya kutu, anajua maji husimama hapo hata kama siku hiyo pamekauka.

Udongo wa Webster haukai peke yake. Juu ya vilima vidogo hupatikana udongo uitwao Clarion, ambao maji huupita bila shida. Katikati ya mteremko upo wa Nicollet. Kwenye tambarare ya chini ndipo alipo Webster. Na ndani kabisa ya vibonde, mahali pa madimbwi, upo Okoboji, ulio mweusi kuliko yote. Pembeni mwa vibonde hivyo kuna mikanda ambamo chokaa imepanda juu pamoja na maji yanayokauka, na soya zinazopandwa humo hugeuka njano kwa kukosa chuma, ingawa chuma chenyewe kimo udongoni. Tofauti ya kimo kati ya kilele na kibonde mara nyingi ni mita chache tu.

Wazo la kusoma udongo kama mnyororo unaoshuka mteremkoni, kila pete ikitegemea maji ya iliyo juu yake, lilipewa jina lake Afrika Mashariki. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, aliuita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jambo lenyewe wakulima walikuwa wakilijua zamani: Wasukuma wana jina la luseni kwa udongo wa kichanga na mbuga kwa ule mweusi mzito wa bondeni, na hawapandi zao lilelile kotekote. Mbuga za Usukumani hazikutokana na barafu, na udongo wake hupasuka nyufa wakati wa ukame kwa namna ambayo wa Iowa haufanyi hivyo. Hata hivyo neno la Amani lilivuka bahari, na wanafunzi wa kilimo wa Iowa hulitumia kuelezea vilima vyao.

Walowezi waliofika eneo hilo katika karne ya 19 hawakukimbilia udongo huo mweusi. Walianza na maeneo ya juu na kando ya mito yenye miti, wakaziacha tambarare za maji, ambako plau ilinasa, gari la ng'ombe lilizama, na malaria iliwatesa. Huenda msomaji akashangaa kusikia malaria ikitajwa Iowa, lakini ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida katika majimbo mengi ya katikati ya Marekani wakati huo. Mwaka 1850 serikali ya Marekani iliyakabidhi majimbo ardhi zake za kinamasi kwa matarajio kwamba yangeziuza na kuzikausha.

Kilichobadilisha mambo ni bomba la udongo wa kuchoma. Mkulima mzaliwa wa Uskoti, John Johnston, alikuwa ameanza kulitumia katika jimbo la New York miaka ya 1830, akifuata desturi ya kwao. Vipande vifupi vya bomba hupangwa mwisho kwa mwisho ndani ya mtaro. Maji huingia kwenye maungio na kuteremka hadi mtoni. Mwanzoni kila mtaro ulichimbwa kwa koleo na nguvu za watu. Kisha zikaja mashine za kuchimba, na sheria za kuunda mabaraza ya mitaro yenye mamlaka ya kuwatoza wakulima jirani gharama za mfereji wa pamoja, kwa kuwa hakuna awezaye kukausha shamba lake bila kupitisha maji kwa mwenziwe. Leo bomba ni la plastiki lenye matundu. Kwa mujibu wa sensa ya kilimo ya mwaka 2017, Iowa pekee ilikuwa na takriban ekari milioni 14 zilizotandazwa mabomba. Jimbo hilo limepoteza karibu asilimia 89 ya ardhi oevu iliyokuwa nayo katika miaka ya 1780, na prairi ya asili iliyobaki haifiki asilimia moja.

Mavuno yaliyopatikana hayana ubishi. Gharama yake ilichelewa kuonekana. Kinamasi kilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeihesabu: bakteria wake wasio na oksijeni huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni na kuirudisha hewani. Bomba huyapitisha maji chini ya bakteria hao na kuyafikisha mtoni yakiwa bado na nitrati yake. Mbolea inachangia, lakini si mbolea peke yake. Mboji iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, ikipata hewa baada ya udongo kukaushwa, huoza na kuachia nitrojeni. Mahindi na soya huishi miezi michache, na kuanzia mavuno ya Oktoba hadi Mei mara nyingi hakuna mzizi hai wa kuipokea.

Mji wa Des Moines hupata maji yake ya kunywa kutoka mito ya Raccoon na Des Moines, inayopokea maji ya mabomba hayo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani ni miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati kwa lita, na mitoni huvukwa mara kwa mara. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji huo ilizishtaki kaunti tatu za juu ya mto, Sac, Calhoun na Buena Vista, kwa niaba ya mabaraza ya mitaro zinayoyasimamia. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliitupa kesi hiyo, ikiona kwamba mabaraza hayo kisheria hayana mamlaka ya kuondoa madhara yaliyolalamikiwa. Juni 2025 wakazi wa Des Moines na vitongoji vyake walikatazwa kumwagilia nyasi majumbani, ili mitambo ya kuchuja nitrati isizidiwe.

Miongoni mwa wakazi hao zimo familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili. Kwao jambo moja lina uzito wa pekee: kuchemsha maji, kinga iliyozoeleka nyumbani, hakuondoi nitrati. Maji yanapopungua kwa mvuke, nitrati iliyobaki huwa kali zaidi. Hatari kubwa ni kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, kwa kuwa nitrati inaweza kuinyima damu yao uwezo wa kubeba oksijeni. Wanaotumia maji ya mji hulindwa na mitambo hiyo. Mwenye kisima chake kijijini hana budi kuyapimisha maji mwenyewe.

Dawa zinazojaribiwa nyingi zinakirudishia kinamasi sehemu ya kazi yake. Bomba huelekezwa kwenye shimo lililojazwa vipande vya mbao, ambamo bakteria hula mbao na kuvunja nitrati. Au maji husambazwa polepole chini ya ukanda wa nyasi kando ya mto. Au kibonde kimoja kwa makusudi huachwa kijae tena. Wengine hupanda nafaka ya rai baada ya mavuno ili udongo usikae bila mizizi. Hakuna sheria inayomlazimisha mkulima kufanya hivyo, na zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na wapangaji, ambao si rahisi kugharimia kazi ya kudumu katika shamba la mtu mwingine. Wakati huohuo mabomba mengi ya udongo yaliyozikwa karne moja iliyopita yameanza kupasuka na kuziba, na yanapobadilishwa mara nyingi huwekwa mapana zaidi.