Daftari la majembe

Nilipoanza uuguzi wa wagonjwa wa akili, mwaka 1979, sikukabidhiwa sindano wala faili. Nilipewa daftari la majembe. Yalikuwa 24: unayahesabu yakitoka stoo saa 12 asubuhi, unayahesabu tena yakirudi. Siku moja yakarudi 23. Wodi ikafungwa, wagonjwa wakapekuliwa hadi chini ya magodoro, mlinzi akapuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Kumbe jembe analo mpishi, amelichukua kuchimbia shimo la majivu. Hakuna aliyewaomba wagonjwa radhi, na mimi ni mmoja wa wasioomba.

Utaratibu huo wa kuwalimisha wagonjwa niliukuta, na walionitangulia nao waliukuta. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kwao walishaona mfano: Bethel, pale Bielefeld, ambako wenye kifafa walipangiwa kazi za kila siku. Waingereza nao wakajenga hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, jina ambalo watoto wetu hadi leo wamelifanya tusi. Zama zile kazi hiyo haikuitwa mazoezi. Kilichotafutwa zaidi ni utulivu wodini na mboga jikoni. Katika hospitali nyingi za aina hiyo mgonjwa alilima, akapalilia, akavuna, mshahara asiuone. Nalisema hili kwa sababu sisi wastaafu tukikutana huyasimulia mashamba yale utadhani ilikuwa harusi.

Kisha ikaja dawa. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na nilipofika mimi wodi nzima iliijua kwa jina la lagaktili. Sauti za kichwani zilipungua, mtu akalala usiku, akaulizia watoto wake. Lakini mwili nao ukawa mzito, anatembea kama aliyevaa mabuti yaliyojaa maji, mikono inatetemeka. Tena dawa hiyo huifanya ngozi isistahimili jua. Mkulima aliyezaliwa juani alirudi saa 5 shingo imebabuka. Ndipo tukaanza kutoka mapema zaidi, alfajiri, na kofia za ukindu tukazinunua kwa fedha zetu.

Mzee mmoja, mvuvi zamani, hakukubali kupewa zaidi ya tuta moja. Alipalilia hadi mwisho, akageuka, akarudi akikagua kila shina. Siku mbaya aligombana njia nzima na watu tusiowaona, ila jembe halikusimama. Nilimuuliza kama wanamsumbua.

"Sista, wakisema nalima, wakinyamaza nalima."

Usiku wa siku za kilimo hakuomba dawa ya usingizi. Siku za mvua kubwa, tulipofungiwa ndani, aliizunguka wodi mpaka wenzake wakamzomea.

Serikali yenyewe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa imeanzisha vijiji vya kilimo ambako mgonjwa aliishi na ndugu yake, jembe likawa la nyumba yao. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Shamba lilimegwa kidogo kidogo, nyumba zikapanda, na wodini ikaletwa televisheni. Sikatai, ilipendwa. Baada ya miaka michache nilikuwa nabadilisha sare za wagonjwa kwa saizi kubwa zaidi, na kipimo cha sukari, ambacho zamani kilikaa kabatini, kikawa kinatembea kitanda hadi kitanda. Mwenye skizofrenia kwa wastani hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzake, na moyo na sukari vina mkono mkubwa humo.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu niliomba mipira ya kuwachezesha wagonjwa, nikaletewa mmoja. Vijana wakaukimbilia. Yule mzee, aliyekuwa amerudishwa wodini kwa mara ya nne, alikaa kwenye benchi, tumbo limemtangulia.

"Sista, majembe umeyahesabu?"

Nikamwambia hakuna majembe, Mzee.

Akainuka taratibu, akaufuata uzio hadi kwenye mwembe, akageuka, akarudi akitazama chini, hatua kwa hatua.

Nikavua kofia yangu nikampa, maana jua lilishakuwa kali.