Lori la Lokiriama: angalia ekseli kwanza

Leo tuweke kando mambo ya programu, tuzungumze juu ya vyuma.

Kazi ya kompyuta ilinipeleka Lodwar, na siku moja nikapata lifti hadi Lokiriama, magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Uganda kwenye njia ya Moroto. Kando ya njia nikaona mabaki ya lori. Halina vioo wala injini, na rangi yote imeliwa na jua. Nikamuuliza mzee tuliyekuwa naye, "Mzee, hili lilikuwa la nani?" Akajibu papo hapo, "La Amin, kijana wangu."

Mimi nikaamini. Nikapiga picha na usiku nikaanza kutafuta mtandaoni.

Jina halikunisumbua, kwani herufi kadhaa za BEDFORD zilikuwa bado mbele ya kichwa. Bedford yalitengenezwa Uingereza na Vauxhall, kampuni iliyokuwa mali ya General Motors ya Marekani. Nyuma ya milango kulikuwa na vifuniko vya kufikia injini, maana injini ya aina hii hukaa nyuma ya kiti cha dereva. Nikapata picha za Bedford MK, lori la jeshi la Uingereza la miaka ya 1970. Kichwa ni kilekile! Nikaanza kuandika kichwa cha habari: "Lori la jeshi la Amin lapatikana Turkana".

Asubuhi nikamwonyesha makanika mmoja pale Lodwar. Akatazama picha kidogo tu, akaniuliza, "Difu ya mbele iko wapi?"

Tukaikuza picha. Ekseli ya mbele ilikuwa chuma kitupu, upande hadi upande. MK husukumwa na magurudumu yote 4, kwa hiyo lazima iwe na difu mbele, lile bonge la mviringo katikati ya ekseli. Halafu nyuma, rimu zilikuwa mbili mbili kila upande. MK hubeba tairi moja moja nyuma, sawa na za mbele. Hili letu lilikuwa Bedford TK, lori la kiraia lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. MK ilitokana na TK, ndiyo maana vichwa vinafanana. Waandishi wa programu mtanielewa: nilitazama sura ya skrini nikadhani nimeujua mfumo wote.

Basi ukikutana na gari la namna hii, fuata hatua hizi:

1. Chungulia chini. Je, ekseli ya mbele ina difu?
2. Hesabu tairi za nyuma, moja moja au mbili mbili.
3. Tafuta kibati cha kiwanda na namba ya chesisi, upige picha.
4. Hata likiwa la kijeshi, kumbuka majeshi huuza magari yao kuukuu kwa mnada. Kibati hutaja aliyelitengeneza tu. Aliyelileta hapo hakitamtaja.

Jeshi la Amin lilikuwa pia na magari ambayo huwezi kuyachanganya na lori la mfanyabiashara, kama OT-64 ya kutoka Czechoslovakia, yenye magurudumu 8 na mwili wa chuma.

Mtauliza, kosa dogo kama hili lina uzito gani? Lina uzito kwa sababu ya mahali. Mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipatana hapo Lokiriama na kuzika silaha ardhini, na mapatano hayo bado yanaadhimishwa. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilianguka, askari wakakimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko wakachukua bunduki kwa maelfu kutoka ghalani. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki na bunduki chache ukageuka kabisa, pande zote za mpaka.

Katika eneo hilo, nani alileta silaha, lini na kwa njia gani, si maswali ya kupitisha wakati. Bunduki za Moroto zilibebwa na watu, zikabadilishwa kwa ng'ombe, zikapotea machoni. Lori lisilo na mafuta wala vipuri halina faida kwa mfugaji, hivyo linabaki pale na kila mtu analipa hadithi. Mimi nilikuwa karibu kulipa cheti pia: lori lililobeba mizigo ya duka pengine, ningeligeuza ushahidi kwamba jeshi la Amin lilifika hapo.

Simlaumu mzee. Mwaka 1979 anaukumbuka vizuri kuliko mimi nitakavyowahi kuusoma, na lile lori ni mahali pa kuutundika tu. Kosa lilikuwa langu mimi mwenye kamera.

Ile habari niliifuta. Picha ninazo bado, na ile ya ekseli ndiyo ninayoipenda zaidi. Tuonane tena.