BCL-2: Kingamwili inayofichua seli iliyokataa kufa

Majibu ya uvimbe wa mtoto yakirudi yameandikwa "BCL-2 hasi", mzazi huishika karatasi asijue afurahi au alie. Leo tulieleze neno hilo, pamoja na kingamwili inayotumika kulipata.

Seli za mwili zina njia ya kujiua kwa utaratibu. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake huanza vikiwa vimeshikana. Seli za katikati hufa ndipo vikaachana. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliipa hali hiyo jina la apoptosi. Seli iliyoharibika yafaa iondoke hivyo hivyo. BCL-2 ni protini inayokizuia kifo hicho. Hukaa kwenye utando wa nje wa mitokondria na kuzibana protini nyingine, BAX na BAK, zisiutoboe.

Jeni yake ilipatikana katikati ya miaka ya 1980 na Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce, Philadelphia, wakichunguza limfoma ya folikuli, ambamo kromosomu ya 14 na ya 18 hubadilishana vipande. Mwaka 1988, kule Melbourne, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wakaonyesha kwamba jeni hii huziweka seli hai pale zilipostahili kufa. Lilikuwa jambo geni, maana jeni za saratani zilizojulikana hadi hapo zilikuwa za kuzisukuma seli zizaane.

Sasa kingamwili. Hizi ni protini za kinga, na kila moja hushika umbo lake tu, kama ufunguo na kufuli. Georges Köhler na César Milstein ndio waliobuni, Cambridge mwaka 1975, namna ya kutengeneza za aina moja tupu. Kwa BCL-2, maarufu ni ile iitwayo kloni 124, iliyotokana na panya. Hushika kijisehemu kidogo cha protini hiyo, asidi amino ya 41 hadi ya 54. Nyama ya uvimbe hutiwa formalini, ikazamishwa katika nta, ikakatwa nyembamba kuliko karatasi, kisha ikapakwa kingamwili. Ilikoshika, rangi ya kahawia hutokea chini ya darubini.

Fundi makini huweka kando kipande cha mafindofindo ya mtu asiye na saratani. Kitovu cha folikuli kibaki bila kahawia, na duara linalokizunguka ligeuke kahawia. Yakiwa kinyume, majibu ya siku hiyo hayatolewi.

Kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu ya limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya za watoto alioueleza Denis Burkitt kutoka Uganda mwaka 1958. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, na pwani yetu imo. Hukua upesi mno, lakini husikia dawa ukiwahiwa. Kwa kawaida Burkitt huwa BCL-2 hasi, au kahawia hafifu. Kahawia ikikolea, daktari hushuku limfoma nyingine inayofanana nayo, na matibabu huenda yakabadilika.

Lakini "hasi" nayo huweza kudanganya. Katika baadhi ya limfoma za folikuli, jeni imebadilika palepale kloni 124 inaposhika. Protini ipo tele, kingamwili haiioni. Ndiyo maana maabara nzuri huongeza kloni nyingine, kama E17, inayoshika mahali pengine.

Na yote hayo huharibika mapema, kwenye chupa. Nimewahi kuona kipande cha uvimbe kimeletwa ndani ya maji ya kunywa. Hapo kingamwili ya bei yoyote haifai kitu. Muulize daktari kama kimetiwa formalini kabla hakijaondoka chumbani. Uliza pia kile kipande cha nta kimewekwa wapi, kwani chaweza kukatwa tena na kupimwa kwengine.