Neno “Alien” na Kipimo cha Ugeni

Mwaka 1942, jeshi la Marekani lilibandika matangazo kwenye kuta na nguzo za miji ya pwani ya magharibi, likiwaamuru watu wote wenye asili ya Kijapani wahame makwao. Matangazo hayo yaliwagawa watu hao katika mafungu mawili: waliokuwa “alien” na waliokuwa “non-alien”. Fungu la pili lilikuwa la raia. Walikuwa wamezaliwa Marekani, wakasoma katika shule zake, na Katiba ya nchi iliwatambua. Lakini aliyeandika tangazo aliliepuka neno raia, akachagua kuwataja kwa ugeni ambao hawakuwa nao. Watu wapatao 120,000 walipelekwa kambini, na takriban theluthi mbili yao walikuwa raia wa nchi iliyowafungia.

Neno lililoweza kufanya kazi hiyo lilikuwa na umri mkubwa. Asili yake ni Kilatini: “alius” ni mwingine, na “alienus” ni cha mwingine. Shamba la jirani lilikuwa “alienus”, na deni la mtu mwingine liliitwa hivyo hivyo. Swali lililofichwa ndani ya neno lilikuwa la umiliki: hiki ni cha nani? Lilipoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, katika karne ya 14, lilikuja na swali hilo. Aliyeitwa “alien” alikuwa mtu wa bwana mwingine, mtii wa mfalme mwingine. Neno lilieleza uhusiano, wala halikudai kueleza maumbile ya mtu.

Historia ya awali ya neno hilo nchini Uingereza inathibitisha jambo hili. Nyumba ndogo za watawa zilizokuwa chini ya abasia za Ufaransa ziliitwa kwa jina hilo, ingawa zilijengwa juu ya ardhi ya Uingereza, kwa kuwa mapato na utii wake vilivuka bahari. Vita na Ufaransa vilipopamba moto wafalme walizitwaa mara kwa mara, na mwaka 1414, katika enzi ya Henry V, Bunge likazikabidhi kwa mfalme moja kwa moja. Mwaka 1608 mahakimu waliamua shauri la Robert Calvin, mtoto aliyezaliwa Scotland baada ya James kurithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603. Walisema mtoto huyo si “alien” nchini Uingereza, kwa kuwa alizaliwa chini ya utii wa mfalme yule yule. Edward Coke, aliyeiandika hukumu hiyo, aliwapanga wageni katika daraja: yuko mgeni rafiki, yuko mgeni adui, na wasio Wakristo akawahesabu kuwa maadui wa kudumu. Hapo uhusiano ulianza kuganda ukawa hali isiyobadilika.

Uzito wa neno ulionekana zaidi katika ardhi. Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza haikumruhusu “alien” kumiliki wala kurithi ardhi kwa haki kamili. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1870. Lakini katika lugha ya wanasheria kulikuwa pia na kitenzi cha mzizi huo huo, “alienate”, chenye maana ya kuhamisha mali iende kwa mwingine. Kitenzi hicho ndicho kilichotua Kenya. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Taji, na kuruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Katika majalada ya serikali, ardhi iliyogawiwa hivyo iliitwa “alienated land”. Kwa hiyo neno ambalo kwao lilimnyima mgeni shamba, Kenya lilimpa mgeni shamba na kumfanya mwenyeji mpangaji.

Marekani, nayo, ililirithi neno na daraja za Coke. Sheria ya Maadui wa Kigeni ya mwaka 1798 ilimpa rais uwezo wa kuwakamata na kuwafukuza raia wa nchi inayopigana na Marekani. Ilitumika katika vita vya 1812 na katika vita vyote viwili vya dunia, na Machi 2025 ikatumiwa tena dhidi ya Wavenezuela walioshutumiwa kuwa wafuasi wa genge la wahalifu. California, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 1913 sheria ya kuwazuia kumiliki ardhi wageni “wasiostahiki uraia”. Sheria hiyo haikuwataja Wajapani, lakini haikuhitaji kuwataja, kwa sababu sheria za uraia zilikuwa zimeshawafungia mlango. Mahakama Kuu ya jimbo iliibatilisha mwaka 1952. Mwaka huo huo sheria mpya ya uhamiaji ikamfafanua “alien” kuwa kila mtu asiye raia wala mzalendo wa Marekani. Nambari ya mhamiaji nayo, awe wa Mwanza au wa Milano, huanza kwa herufi A.

Uingereza ilifuata mkondo mwingine. Sheria yake ya Uraia ya mwaka 1981, kama ile ya 1948, haimhesabu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola kuwa “alien”. Matokeo yake ni ya ajabu kwa wasemaji wa Kiswahili. Mtu wa Mombasa anayeishi Leicester si “alien” kisheria, ilhali binamu yake wa Maskati, aliyelelewa kwa lugha ile ile, ni “alien”. Na ndivyo alivyo Mkongo wa Lubumbashi na Mrundi wa Bujumbura. Lakini kuondolewa jina si kufunguliwa mlango. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walizuiwa kuingia kwa sheria iliyopitishwa bungeni kwa siku chache tu. Hakuna aliyewaita “alien”. Walikuwa raia, na bado walirudishwa.

Wakati huo neno lilikuwa limeshaanza safari nyingine. Katika karne ya 19, daktari wa wenye wazimu aliitwa “alienist”, kwa dhana kwamba mgonjwa amekuwa mgeni wa akili yake mwenyewe. Katika karne ya 20, waandishi wa hadithi za kisayansi walilichukua neno kuwaita viumbe wa sayari nyingine, na mwaka 1979 Ridley Scott akalifanya jina la filamu kuhusu dubwana linaloatamia ndani ya mwili wa binadamu. Tangu hapo, mtoto wa mhamiaji anaposoma neno hilo katika karatasi za mzazi wake, picha inayomjia kwanza ni ya kiumbe asiye mtu. Uhusiano uliokuwa wa kisheria umegeuka kuwa aina ya maumbile.

Ndipo likazuka dai la kulifuta. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth waliiomba Maktaba ya Bunge la Marekani iache kupanga vitabu chini ya kichwa “illegal aliens”. Maktaba ilikubali mwaka 2016, Baraza la Wawakilishi likaingilia kati, na mabadiliko yakakwama hadi Novemba 2021, ambapo neno “noncitizens” lilichukua nafasi yake. Ulikuwa ushindi wa heshima. Hata hivyo, ukiuweka kando ya tangazo la 1942, sura yake ni ile ile iliyogeuzwa. Zamani raia alielezwa kwa kuwa si mgeni. Sasa mgeni anaelezwa kwa kuwa si raia. Kote kuwili mtu hupimwa kwa kile anachokosa.

Kiswahili hakina haki ya kujisifu kupita kiasi hapa. Kinalo neno mshenzi, ambalo watu wa pwani waliwaita nalo watu wa bara, na Kenya huru ilitunza sheria ya kudhibiti “aliens” hadi mwaka 2011. Lakini neno mgeni limehifadhi kitu ambacho Kiingereza kimekipoteza. Mgeni hayupo bila mwenyeji, na kila mmoja ana wajibu kwa mwenzake. Tena ugeni una muda: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husemwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ndani yake mna ahadi vilevile. Jembe ni la shambani, na anayepewa jembe ameruhusiwa kuigusa ardhi. Kwa karne kadhaa, hilo ndilo ambalo sheria ya “alien” ilikataa kumpa.