Majina ya kemia yaliyozua uhasama Uingereza

Wapo wanaodai eti istilahi ni vibandiko tu. Ukishaielewa dhana, jina si hoja. Hebu tuwatazame wanakemia wa Uingereza wa miaka ya 1920 na 1930.

Swali lao lilikuwa hili: molekuli mbili zikikutana, ipi hutoa elektroni na ipi huzipokea? Mwaka 1925 Arthur Lapworth alipendekeza zinazotoa ziitwe anionoidi, yaani zinazofanana na anioni, chembe zenye chaji hasi. Zinazopokea ziwe kationoidi. Mwaka 1933 Christopher Ingold, profesa jijini London, akaja na yake: nukliofili na elektrofili. Mzizi wake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kupenda. Nukliofili hupenda kiini cha atomu, chenye chaji chanya. Elektrofili hupenda elektroni.

Amonia haina chaji, lakini hutoa jozi yake ya elektroni. Ukiiita 'mfano wa anioni' unalazimika kujieleza. Ukiiita 'mpenda kiini' umeshasema inachofanya.

Majina ya Ingold yakashika. Robert Robinson, ambaye tangu 1922 alikuwa akichora mishale iliyopinda kuonyesha elektroni zinakohamia, aliamini hadi uzeeni kwamba mawazo yake yalivishwa nguo za mwingine. Tuzo ya Nobel alipata yeye, mwaka 1947, kwa utafiti wa kemikali za mimea. Ingold hakuipata kamwe. Lakini fungua kitabu cha kemia leo uone ni lugha ya nani inayosemwa.

Si kwamba Ingold hakukosea. Yeye na Edward Hughes waliziita aina mbili za mmenyuko SN1 na SN2. Mwanafunzi hudhani tarakimu ni idadi ya hatua. Wapi! SN1 huenda kwa hatua mbili, SN2 kwa moja. Tarakimu huhesabu molekuli zinazoshiriki katika hatua inayoamua kasi.

Humu nchini kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi hukariri nukliofili bila kujua kuna mapenzi ndani yake. Kiswahili kina mpenda haki na mla rushwa. Mpenda kiini angeingia bila kubisha hodi. Tatizo ni kiini chenyewe: cha atomu, cha seli, cha yai. Kwa hiyo kitabuni ningeandika nukliofili, ila ubaoni, siku ya kwanza, ningeanza na mpenda kiini.